Umri wa Kuazima

Choo kilikuwa cha rangi ya dhahabu. Joka la kauri lilikuwa limejizungusha kwenye tangi lake, mdomo wazi, na mfuniko ulichorwa maua mekundu. Wenye duka walikipandisha jukwaani katikati ya wateja wakakimulika kwa taa, na siku hiyo juu yake alikuwa amekaa mwanamume mzima, shati jeupe, suruali ya kijivu iliyopigwa pasi, mikono juu ya magoti, uso wa mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

Nimeishi Can Tho, huku kusini mwa Vietnam, miaka mingi na nimeona mengi ya kuchefua, lakini duka la vifaa vya ujenzi karibu na mwaka mpya lina kinyaa chake. Kila mwenye visenti anataka kujenga ili amkomeshe jirani. Watu wanasukumana kwenye vigae, wanapapasa masinki, wanabishania bei huku wakitafuna mbegu za tikiti na kutema maganda sakafuni. Hewa inanuka jasho na gundi.

Katika msongamano huo alikuwamo Tuyen, aliyekuja kuulizia bei. Kazi yake ilikuwa kukadiria gharama za nyumba: unampelekea mchoro, anakwambia itakula kiasi gani na wapi utaibiwa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, nywele kazikata usawa wa kidevu, blauzi ya kijani na viatu vya turubai vyeupe pe. Viatu hivyo mafundi wa mji mzima walikuwa wakivicheka. Can Tho imekaa juu ya matope, lakini Tuyen hakuwahi kuonekana na doa. Kazini alisimama ukingoni mwa shimo na futi yake ya kupimia, akatoa amri, na wengine ndio waliozama.

Alimtazama yule mtu wa jukwaani, akashindwa kunyamaza.

"Kaka, ukimaliza utuambie. Kuna foleni."

Mwanamume aliruka kama kiti kimemuuma. Watu wakacheka. Akashuka, masikio yamemwiva, akaanza kujitetea kwamba si yeye, ni mjomba wake aliyekipenda, kamtuma akijaribu kama kinakaliwa vizuri.

"Na kinakaliwaje?"

"Kama meza ya mkubwa wa ofisi. Unahisi utafukuzwa wakati wowote."

Tuyen alicheka bila kutaka. Kisha pua yake ikanasa kitu. Chini ya sabuni na pasi, yule kaka alinuka samaki. Hakuwa na la kuficha: aliitwa Khiem, alikuwa daktari wa samaki, anazunguka kwenye mabwawa kupima maji na kuchungulia mashavu ya kambare. Ndiye kitindamimba kwao, na kama ilivyo desturi ya huku kwetu, kitindamimba ndiye anayebaki na mama na ndiye anayebeba nyumba. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya mbao, pale Cai Rang kandokando ya mfereji, sakafu imeoza kiasi kwamba panya walipita wakijionea haya. Kaka na dada zake walioko Saigon walikuwa wamekubali kuchanga. Sasa alihitaji mtu wa kumwambia ukweli wa gharama.

Tuyen alimpa kadi yake. Akamwonya kwamba ukweli wake una bei, na kwamba bei hiyo haijumuishi majoka.

*

Kumkadiria mtu nyumba ni kumpekua. Unamuuliza wangapi watalala, nani anaamka mapema, nani hawezi ngazi, madhabahu ya mababu itawekwa ukuta gani. Walikutana kwenye kibanda cha wali wa chenga na nyama ya kuchoma, mchoro umetandazwa katikati ya sahani, na Khiem akajibu kila swali bila kujigamba. Chumba cha mama kiwe chini kwa sababu ya magoti yake. Dirisha lake litazame mfereji, maana amezoea kupiga soga na wauza mboga wa mashua. Tuyen alikuwa amekwisha wakadiria wanaume wengi, na wengi wao walianza na sebule ya kuwaonyesha wageni. Huyu alianza na magoti ya mama yake. Tangu hapo alianza kumpenda, ingawa yeye mwenyewe alidhani ni chakula tu kilikuwa kitamu.

"Na jiko kubwa," Khiem alisema siku nyingine. "Mke wangu asibanwe."

"Mke yupi?"

"Huyo ninayemwekea jiko."

"Basi mwekee friji. Nasikia hajui kupika."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Tunaonana kwenye kioo kila asubuhi."

Khiem alibaki na kijiko mkononi, tabasamu limemjaa usoni kama mtoto aliyepewa ndizi. Kuanzia jioni hiyo simu hazikukoma. Khiem alimwita Tuyen mhandisi wangu, naye akaitwa daktari wa kambare. Khiem akipiga kutoka bwawani Tuyen alimwambia aisogeze simu mbali kidogo, harufu inapita. Akichelewa kupiga, Tuyen alipiga yeye, akasingizia kuuliza upana wa mlango.

Kitu kimoja Tuyen alikirudia mpaka Khiem akakijua kama jina lake. Siku moja waliponunua uji wa bata, alichukua vijiti vya meno akavisimika kwenye uji mzito, kisha akalaza kipande cha tangawizi juu yake. Hii ni nyumba, alimwambia. Hivi ni miti ya tram, ile ya vinamasini, inayopigiliwa matopeni kabla ya msingi. Ikiwa mirefu na minene, na maji yakaifunika daima, haiozi, itakaa kuliko wajukuu zetu. Kisha akavivunja vijiti nusu, akavirudisha, na tangawizi ikainama, ikazama upande mmoja.

"Pesa ya kwanza inakwenda chini," alisema. "Pasipoonekana. Ukiona mtu anaanza kununua vya juu, mkimbie."

Alikuwa amesema wajukuu zetu, na wote wawili walikuwa wamesikia. Walilipa uji wakatoka bila kugusana mikono, wamejawa na aibu tamu.

*

Sasa niwaletee Mjomba Tam, na mniwie radhi kama mnakula.

Huyu ni mdogo wake mama yake Khiem. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia alikifuga ukucha mrefu uliogeuka manjano. Kwa ukucha huo alichokonoa sikio, kisha akachokonoa jino, kisha akauweka juu ya mchoro wa Tuyen kuonyesha anapotaka nguzo za mviringo, zile nene za mbele ya nyumba zinazofanana na miguu ya tembo. Ukucha uliacha alama ya mafuta kwenye karatasi. Tuyen aliitazama alama ile akasikia wali ukimrudi kooni.

Lakini mjomba alikuwa na jambo zito mkononi. Walipopeleka umri wa Khiem kwa mzee wa kalenda, yule anayepiga ramli ya miaka mizuri na mibaya, jibu lilikuwa baya. Mwaka huo, kwa hesabu yake, Khiem hakuruhusiwa kujenga; akijenga, balaa litamwangukia mkubwa wa nyumba, yaani mama. Dawa yake kila mtu huku anaijua. Unaazima umri wa mwanamume ambaye mwaka wake ni safi. Nyumba inauzwa kwake kwa maneno na visenti viwili vya heshima, yeye ndiye anayepiga jembe la kwanza, na mpaka paa likae yeye ndiye mwenyewe. Mwenye nyumba wa kweli anakaa pembeni wala hatii neno. Paa likishakaa, unainunua tena, mnakula, mnasahau.

Mjomba Tam alitoa kitambulisho chake, mzee wa kalenda akahesabu, umri ukatoka safi. Mama Sau, mama yake Khiem, alikuwa amekwisha hamishiwa chumba cha kupanga kwa sababu ya vumbi na magoti. Alipouliza mambo yamepangwaje, huyo mdogo wake alimwambia yameshapangwa, yeye apumzike.

Siku ya jembe walichinja kuku, wakaweka kichwa cha nguruwe, ubani ukafuka, mjomba akavaa suti akapiga ardhi mara tatu huku akipigwa picha. Khiem alikuwa bwawani kama desturi inavyotaka. Siku iliyofuata mjomba alikuwa mwenye nyumba kwelikweli.

*

Mkandarasi aliitwa Loi. Alimwalika Tuyen kwenye kibanda cha tambi za mchuzi wa samaki waliochacha, mchuzi mweusi ambao usipoupenda harufu yake inakufuata mpaka kitandani. Akamsifia kazi yake, akamsifia nywele. Kisha akatoa bahasha. Alichotaka ni kidogo, alisema: miti ile ya chini ipunguzwe urefu, na makadirio yake yarekebishwe yalingane, ili pesa ipande juu kwenye nguzo. Mjomba ameridhia, kila mtu atapata cha juu chake.

Tuyen aliipokea bahasha kwa vidole viwili, akaitumbukiza kwenye bakuli la Loi, akaikandamiza kwa kijiko mpaka ikazama.

"Kula," alimwambia. "Imepata chumvi."

Akaondoka. Hakujua kwamba meza ya nyuma alikuwepo Mjomba Tam na simu yake, na kwamba picha ilikuwa imepigwa mapema kidogo, pale bahasha ilipokuwa kati ya mkono wa Loi na wake.

Kesho yake alikwenda Cai Rang. Lori lilikuwa limemwaga miti ya tram, na mafundi walikuwa wakiikata katikati kwa msumeno na kuipigilia vipande. Shimo lilinuka mayai viza, maana mfereji ule unapokea vyoo vya mtaa mzima. Mjomba alikuwa amekaa chini ya mwavuli, ukucha sikioni. Tuyen alimuuliza kama anajua anachokifanya.

"Mwanangu, tuwe wakweli," mjomba alisema kwa upole wa kuudhi. "Wageni wakija, wataona nguzo. Wataona choo. Nani atatembelea matope?"

Tuyen alisogea hadi nyuma ya lori akampigia Khiem.

"Njoo sasa hivi. Wanakata miti."

"Nani anakata?"

"Mjomba wako na Loi. Dada yako wa Saigon analipia mti mzima, mama yako atalala juu ya nusu. Njoo uwasimamishe."

Kisha sauti ya maji, mtu anavuta wavu.

"Siwezi kuja, mpenzi. Unajua siwezi. Paa halijakaa. Nikitia neno pale, linamrudia mama."

"Baba yangu naye aliazima umri akajenga. Hakuazimisha na macho."

"Nitaongea na mjomba kwa simu."

"Khiem, sikuombi uongee. Nakuomba uje uingize mkono wako kwenye hayo matope uone mwenyewe."

"Nitaongea naye."

Na kweli aliongea naye. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akaguna kwa huzuni, akasema hakutaka kumvunja moyo, lakini miti mifupi ni makadirio ya huyo huyo binti, na sababu yake hii hapa. Picha ikaingia.

Khiem aliitazama picha ile amesimama kwenye ukingo wa bwawa, kambare wanagombea chakula miguuni pake. Alipaswa kutulia, kuoga, kwenda kumtazama mwanamke wake machoni. Badala yake alipiga simu.

"Tuyen, Loi alikupa bahasha?"

Tuyen alijua mara moja nani kaenda na neno hilo. Angeweza kueleza kwa sentensi moja. Lakini kinyaa kilichompanda hapo kilikuwa kikubwa kuliko cha ukucha na cha shimo. Huyu mtu alishindwa kuja kuangalia mti, ila kumchunguza yeye aliweza, tena kwa simu.

"Kama umeweza kuniuliza hivyo, jibu halitakusaidia," alisema. "Kazi yangu nimemaliza, bwana mteja. Kwaheri."

Alimwita bwana mteja. Khiem alibaki ameishika simu, na neno hilo likamuuma kuliko tusi.

*

Wiki hiyo Tuyen alifanya kazi kama mashine. Mtu akimtajia mapenzi alisonya. Usiku alilala vibaya, asubuhi alivisugua viatu vyake vyeupe mpaka mpira ukaanza kubanduka. Khiem naye alipima maji ya mabwawa akikosea, akarudia, akakosea tena. Alipokwenda kumwona mama yake kwenye chumba cha kupanga, mama aliuliza yule binti anayecheka kwa kelele yuko wapi. Khiem alisema ana kazi nyingi. Mama alimtazama, akamwongezea wali.

Jambo lililomvunja lilikuwa dogo. Alikaa kunywa uji wa bata peke yake, na mkono wake ukachukua kijiti cha meno, ukakisimika kwenye bakuli. Kikasimama. Akakumbuka jinsi Tuyen alivyokuwa ameinama juu ya uji ule, kakunja uso, kasahau kula, akimpigania mama wa mtu mwingine asizame. Mtu anayeyaongea matope hivyo hawezi kuyauza. Hakuwa na ushahidi, ila alijua hilo kama alivyojua maji yaliyoharibika kabla ya kuyapima. Na hapo alijiona mwenyewe: mwanamume wa miaka thelathini na ushei aliyejificha nyuma ya kalenda, akamwachia mwanamke kupigana na mjomba wake. Alijichukia. Aliacha uji hata haujapoa.

Pale Cai Rang mjomba alimwona akija, akainuka chini ya mwavuli, mikono mbele.

"Rudi, rudi. Unataka kumuua mama yako?"

Khiem alishuka kwenye shimo na suruali yake ya kazi, matope yakamfika mapajani, meusi, ya moto kwa juu na baridi kwa chini, na ule uvundo ukapanda mpaka machozi yakamtoka. Akapapasa. Akakipata kichwa cha mti, akakikumbatia, akavuta. Mti uliopigiliwa vizuri hauvutwi na mtu mmoja. Huu uliyumba kidogo, ukafyonza, ukatoka kama jino bovu. Ulikuwa mfupi kuliko yeye.

"Makadirio ya mchumba wako hayo," mjomba alisema kutoka juu.

"Mjomba, koma kumtaja," Khiem alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na mafundi wote waliacha kupiga. "Kazi imesimama. Loi, kusanya watu wako. Nyumba hii ni yangu na mama yangu, na laana ikija nitaipokea mimi hapa hapa nilipo."

Mjomba alipayuka, akawaita majirani washuhudie, akataja mababu. Lakini msumeno ulikuwa umenyamaza, na Loi alikuwa anatafuta ufunguo wa pikipiki yake.

*

Khiem alikwenda kwa mama yake vilevile alivyokuwa, anadondosha matope ngazi nzima. Mama Sau alikuwa amekaa kitandani anachambua mchicha. Alikunja pua.

Khiem alipiga magoti mlangoni akamweleza yote. Kwamba mwaka wake mbaya. Kwamba waliazima umri. Kwamba hakutakiwa kutia neno, naye ametia, na kama kuna baya litakalompata mama ni yeye amelileta.

"Mliazima umri wa nani?" Mama Sau aliuliza.

"Wa Mjomba Tam."

"Upi?"

Khiem hakuelewa.

"Nakuuliza upi, kwa sababu anao miwili," mama alisema, akaweka mchicha chini. "Wakati wa vita baba yetu alimpunguzia miaka kwenye karatasi asichukuliwe jeshini. Nusu ya wanaume wa rika lake hapa wanatembea na umri wa uongo. Tam nimembeba mgongoni mimi, najua kazaliwa mwaka gani. Mlihesabu wa kweli au wa kitambulisho?"

"Wa kitambulisho."

Mama Sau alihesabu kwa vidole, akipita juu ya vifundo polepole. Mdomo wake ulianza kutetemeka, Khiem akadhani analia, kumbe ni kicheko. Umri wa kweli wa mjomba ulikuwa mbaya mwaka huo, tena mbaya kuliko wa Khiem. Suti, kichwa cha nguruwe, jembe, picha, vyote vilikuwa bure. Kama mjomba alisahau umri wake au alijisahaulisha kwa utamu wa kuitwa mwenye nyumba, mimi sijui, na naona kinyaa kuuliza.

Kicheko kilipoisha uso wa mama ulibadilika.

"Mmezunguka mji mzima mkitafuta umri," alisema. "Baba yako amekufa. Mimi ni mjane, nyumba ni yangu, na mjane anajenga kwa umri wake mwenyewe. Hilo mzee wa kalenda angewaambia. Hakuna aliyeniuliza."

Akahesabu tena vifundo, safari hii kwa miaka yake. Umri wake ulikuwa safi. Khiem aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa sakafu, na aibu aliyoisikia hapo ilikuwa chungu kuliko harufu yake.

"Inuka, unanichafulia chumba. Nipe simu nimpigie huyo binti."

Khiem alisema hatapokea.

"Yako hatapokea. Yangu atapokea."

*

Tuyen alikuja Cai Rang kesho yake asubuhi kwa sababu mama mtu mzima alimwomba, na alijiambia ni hilo tu. Alivaa gauni la kitani la rangi ya maziwa, la makusudi, la mtu asiyepanga kukaa, na viatu vyake vyeupe.

Mama Sau alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa shimo, jembe magotini. Pembeni, choo cha dhahabu kilichokuwa kimeshaletwa na mjomba kilikuwa kimegeuzwa, joka linatazama ukuta wa jirani. Khiem alikuwa shimoni. Tangu alfajiri alikuwa aking'oa vipande vya miti, na rundo lilikuwa limefika kimo cha kifua. Hakuwa na sehemu safi mwilini isipokuwa macho.

"Ananuka," Tuyen alisema.

"Sana," mama alikubali.

Khiem alijipangusa mdomo, akazidisha tope. "Tuyen, sikukuuliza vizuri. Nilipaswa kuja kuangalia mti kabla ya kuangalia picha. Sitaki uniambie bahasha ilikwendaje."

"Ilikwenda kwenye mchuzi wa Loi. Niliikandamiza kwa kijiko."

Mama Sau aliguna kwa kuridhika. Khiem alitaka kucheka akaogopa.

"Nilikuchukia, Khiem," Tuyen alisema. "Si kwa sababu ya picha. Nilikuchukia kwa sababu nilikuwa nimesimama hapa na yule mzee na ukucha wake, peke yangu, napigania nyumba ambayo nilidhani nitaishi. Na wewe ulikuwa unaogopa."

"Niliogopa."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa utaondoka na hilo gauni." Akalionyesha jembe la mama yake kwa kidole. "Mama anaanza upya leo, kwa umri wake. Miti mirefu, kama ulivyoandika. Nguzo hamna. Pesa ikibaki tutanunua choo cheupe. Nataka ukae kwenye hii nyumba, Tuyen. Nioe... nikuoe. Sijui hata naongea nini, uvundo umeniingia kichwani."

Tuyen alifungua mkoba akatoa futi, akavuta utepe wake, akamrushia ncha.

"Kuna kipande kimebaki kona ya nyuma, pale penye maji. Ingia upime kimekwenda kina gani."

Ilikuwa kona mbaya kuliko zote, bomba la jirani linamwagikia hapohapo. Kambare mfu alikuwa anaelea, tumbo juu. Khiem hakuitazama kona ile mara mbili. Alishika ncha ya futi kwa meno, akageuka, akaingia mpaka kifuani, akazamisha mkono mpaka shavu likagusa maji.

Tuyen alimtazama. Uso wake ulikuwa umekunjika kwa kinyaa, na machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujua kipi kimeleta kipi. Aliinama akafungua kamba za viatu. Akavivua kimoja kimoja, akampa Mama Sau avishike.

"Mama, vishike vizuri. Nitavihitaji kwenye harusi."

Kisha akakunja gauni lake la maziwa kwenye mapaja, akaziba pua kwa mkono mmoja, akashuka.